Jiko la Bwana Seif

Siku niliyokabidhi funguo za stoo ya mahema, Maryam, ambaye sasa anakalia kiti changu, aliniomba niandike kurasa mbili za mambo niliyojifunza katika kazi ya kupanga kambi, ziingizwe kwenye faili la kufundishia wafanyakazi wapya. Nilimwambia kurasa mbili hazitoshi hata kueleza habari ya kamba. Akasema, basi andika utakavyo, Bi Zuwena, tutasoma. Sina hakika kama mtasoma. Nawajua nyinyi, hata ujumbe wa simu hamfiki mstari wa tatu. Lakini haya nakuombeni myasome mpaka mwisho, kwa sababu ndani ya faili hilo kuna uongo mmoja, na mwenye uongo huo ni mimi.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Kila cheo nilichopewa kilikuja na meza kubwa kuliko ya mwanzo, na meza kubwa hukusanya vumbi zaidi, basi.

Niliingia kazini nikiwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka kusomea ukatibu, nimevaa abaya mpya na viatu vya kisigino. Kampuni yetu wakati huo ilikuwa vyumba vitatu Ruwi, hapa Maskati, juu ya duka la vitambaa. Nilidhani nitapelekwa kwenye mashine ya kupiga chapa. Badala yake alinijia mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye masharubu ambayo yangewatosha watu wawili, akaniwekea mfuko wa turubai miguuni. Aliniambia niende nao chini kwenye maegesho ya magari nikasimamishe hema, na nikimaliza nimwite. Nikamuuliza kama makatibu wa ofisi hii ndio wanaosimamisha mahema. Akanijibu kwamba katibu wa hapa ataandika karatasi ya kuwaambia watu walale wapi, kwa hiyo ajue kwanza watu wanalalaje.

Huyo ndiye Bwana Seif. Alizaliwa Bujumbura, wazee wake wakarejea Maskati akiwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara mpaka mwisho wa ulimi. Sisi wa Unguja tulikuwa wengi ofisini na hatukumwacha apumue. Alikuwa akisema maharage badala ya maharagwe, akiyapika bila ya nazi, nasi tukimuuliza kama huko kwao minazi ilikatazwa na serikali. Yeye akitwambia kwamba Mzanzibari hata ukimpa maji ya kunywa atauliza yana nazi. Alikuwa mkuu wa misafara, dereva na mpishi, vyote kwa pamoja, na hakuna mtu aliyekuwa akiyajua majabali ya huku kwetu kama yeye.

Hema langu siku ile lilisimama kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Halafu ukaja upepo ukaling'oa, likaenda kulifunika gari la mkubwa wetu wa kazi, naye mwenyewe yumo ndani. Jioni nilipomhadithia mama, aliuliza kama watu wa Maskati wameishiwa na nyumba.

Miaka ile ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka kuliko yote iliyofuata, na ninapoikumbuka nasikia harufu ya turubai lililokaa juani. Seif alinifundisha kupigilia vigingi kwa mshazari, kichwa cha kigingi kikilalia upande ulio mbali na hema. Alinifundisha kusoma kitabu cha maji kupwa na kujaa, na kutowapeleka watu ufukweni Yiti wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi, hata wakikuonyesha machozi. Alinifundisha kuandika kila mpango kwa kalamu ya risasi. Wino, alisema, ni wa vyeti vya ndoa. Mpango wa kambi unabadilika mara tatu kabla ya gari kutiwa mafuta, na ukiuandika kwa wino utaanza kuuonea huruma kama kwamba ni kazi ya mikono yako.

Palikuwa na ramani kubwa ukutani, imefunikwa plastiki, imetobolewa na pini mpaka Qurayyat ikawa kama chujio. Chini ya simu palibandikwa orodha ya nambari aliyoiandika yeye. Hazikuwa nambari za wakubwa. Mmoja alikuwa mvuvi wa Bustan, mwengine fundi wa pancha njia ya Qurayyat, mwengine Humaid, mwenye duka katika kijiji kimoja cha juu milimani. Mbele ya jina la Humaid Seif aliandika neno moja tu: mvua. Kila asubuhi ya safari, kabla ya kugusa kitu chochote, Seif humpigia Humaid, wakasalimiana kwa Kiarabu robo saa nzima, wakaulizana habari za mbuzi na wajukuu, halafu mwisho kabisa akauliza hali ya mawingu. Mimi nilikuwa nikiona ni kupoteza wakati.

Na alikuwa na ada yake moja iliyotukera sote. Jiko lake hakuliweka chini hata siku moja. Kambi iwe ufukweni, iwe wadini kwenye bonde la mto mkavu, iwe chini ya mitende, Seif angeitazama ile sehemu, angetafuta mwinuko au ukingo wa jabali, angebeba mtungi wa gesi begani na kupanda nao. Masufuria yakafuata, masanduku ya barafu yakafuata, na kila mtu aliyetaka kula alipanda na sahani yake. Wateja walilalamika. Mama mmoja alisema amekuja kupumzika, si kupanda mlima kwa ajili ya pilau. Mimi nikaanza kuandika kwenye karatasi ya mpango: jiko liwe karibu na mahema. Seif aliisoma, aliikunja mara mbili, aliitia mfukoni, akapanda na mtungi wake. Nilipombana aniambie sababu, alisema watu watasahau filimbi ya hatari, watasahau maonyo yote uliyowapa asubuhi, lakini njia ya kwenda kwenye chakula wataijua wote hata ukiwafunga macho. Nilidhani ni mzaha.

Sasa nije kwenye Oktoba. Wafanyakazi wapya hudhani adui yetu ni joto la Julai. Julai haina tabu, kwa sababu hakuna mwenye akili zake anayetaka kulala nje. Tabu ni Oktoba, joto linapopungua makali, jioni zinapoanza kuwa tamu, na mji mzima unapokumbuka kwamba una mahema. Na ndio mwezi huohuo ambao bahari yetu hufanya vimbunga. Simu zinalia tangu asubuhi, kila mtu anataka Alkhamisi, na huko mbali baharini kuna duara limeanza kuzunguka.

Duara hilo ndilo linalomla mpangaji. Kimbunga kikiwa mbali hakuna anayejua kitakwenda wapi. Mara nyingi kinageuka kikaelekea kwengine, au kinafia majini, na Maskati hakiji ila ukungu wa chumvi kwenye vioo. Lakini mpangaji hawezi kungoja kijulikane. Siku tatu kabla lazima aseme twende au tusiende. Mwaka mmoja, wakati huo Seif tayari yuko chini yangu kikazi, jambo ambalo yeye alilichukulia kwa utulivu kuliko mimi, nilighairisha safari tatu mfululizo kwa ajili ya kimbunga kimoja kilichokuwa kikisitasita. Siku zote tatu mbingu zilikuwa nyeupe pe. Mteja mmoja alinitumia picha yake amelala ufukweni Bustan, miwani ya jua usoni, na chini ameandika: dhoruba kali. Ofisini wakaanza kuniita Bi Ghairisha. Nilicheka nao, lakini liliniuma, na kuumia huko ndiko kulikonipotosha.

Safari ya nne ilikuwa ya walimu wanawake ishirini na wawili wa skuli moja hapa mjini. Mkuu wao, Thuraya, tulisoma darasa moja, na safari yao ilikuwa miongoni mwa zile tatu nilizozifuta. Mmoja wao, mwalimu mtu mzima mwenye goti bovu, alikuwa anastaafu, na hiyo ndiyo ilikuwa kuagwa kwake. Thuraya alinipigia akasema, "Zuwena, nisikilize. Safari hii hughairishi. Vileja vya chai vishapikwa, na huyu mama kashafunga mkoba wake tangu juzi."

Kambi yenyewe ilikuwa ya ufukweni, karibu na Qurayyat. Kimbunga kipya kilikuwa mbali, kikisemwa kitapita kusini yetu, lakini mawimbi yalikuwa yashaanza kuja makubwa, na yalikuwa majira ya bamvua. Ufukweni haikuwezekana. Nikakaa na ramani yangu, na kalamu yangu ya risasi, nikaona nimepata ujanja. Sitaghairisha. Nitawahamisha. Nikatoa pini ufukweni nikaichomeka ndani, kwenye wadi mmoja nyuma ya mji, mahali pazuri penye mitende na changarawe laini, pamezungukwa na majabali, upepo haufiki na wimbi halifiki. Niliona fahari. Nilisimama nikaitazama ile pini kama mtu aliyemaliza kufuma kofia.

Enyi vijana wa bara au wa visiwani, wa Maskati kwa kuzaliwa au kwa kuja, hapo ndipo pa kutulia. Kosa hilo ni letu sisi tunaoishi na bahari mbele na mlima nyuma. Mtu anaikimbia bahari kwa akili zake zote na anaingia mwenyewe kwenye njia ya maji ya mlimani. Wadi hauna haja ya mvua ya pale ulipo. Mvua inanyesha juu huko ambako hukuoni, wewe huku umekaa juani unakula tende, na maji yako njiani yanakuja.

Seif aliutazama mpango akauliza, "Milimani hali ikoje, dada?"

Nikamjibu, mbele ya wenzetu wote, kwa sauti ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya, "Kimbunga kiko baharini, Bwana Seif. Mimi nnatizama bahari." Nikaongeza kwamba shauri lishakatwa, na kwamba safari hii jiko likae chini kabisa, karibu na mahema, kwa sababu kuna mama mwenye goti bovu, na sitaki kusikia tena habari ya watu kupandishwa majabali kwa ajili ya wali. Akasema sawa, dada. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni.

Waliondoka asubuhi ya Alkhamisi. Seif hakumpigia Humaid siku hiyo, kwa sababu mimi niliikalia simu nikipanga magari mpaka yakaondoka. Hilo pia naliandika. Adhuhuri nikasali, nikala, nikanywa chai, na kimbunga kilikuwa bado mbali, na moyo wangu ulikuwa mweupe. Saa saba na nusu hivi, nikitafuta nambari ya fundi wa pancha kwenye ile orodha, jicho likaangukia kwa Humaid. Sijui kwa nini nilipiga. Labda kwa sababu nilikuwa na furaha na nilitaka mtu wa kuzungumza naye.

Humaid alinisalimu, nami nikamsalimu, akaanza kuuliza habari za nyumbani, nikamkatiza, jambo ambalo halifai, nikamuuliza mvua. Akasema kwa Kiarabu kwamba inanyesha tangu sala ya alfajiri. Akasema wadi wao ulishuka muda kidogo uliopita, mkubwa, umechukua mitende na banda la mbuzi wa jirani yake. Nikamuuliza unashukia wapi. Nilikuwa najua unashukia wapi. Akanitajia jina la pale nilipoichomeka pini.

Nilimpigia Seif mara kumi na moja. Wadini hapakuwa na mtandao. Nikapiga polisi, wakaandika kila kitu vizuri na wakatoka papo hapo. Nikachukua ufunguo wa gari langu. Ile njia ya Qurayyat nimeipita maisha yangu yote na sikumbuki chochote cha siku hiyo ila jua. Jua lilikuwa linawaka, barabara kavu, na mimi nalia huku nikihesabu majina ya walimu niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilifika mpaka la kumi na tano, majina mengine yakanipotea, nikaanza upya.

Pale njia inapokatisha wadi palikuwa na askari na magari yamesimama. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamejaa kutoka ukingo huu mpaka ule, yana kelele ya mawe yanayogongana chini. Nikaona turubai la kijani likipita katikati, limejaa hewa. Nililijua. Lilikuwa hema nambari saba, mlango wake nimeushona mimi. Nikakaa chini, pale pale barabarani.

Simu ililia nikiwa bado nimekaa. Seif alikuwa amepanda jabali lote mpaka juu kutafuta mtandao, na alikuwa akihema.

"Wako wote," alisema. "Ishirini na wawili, na madereva wawili, na mimi. Mahema yameondoka. Watu wako juu jikoni."

Mambo yalivyokuwa ni haya. Alipofika aliutazama ule wadi, akalitazama jabali, akabeba mtungi wake wa gesi akapanda, kama siku zote. Karatasi yangu ilikuwa mfukoni mwake. Walimu walinung'unika, Thuraya akasema atanipigia simu anishitakie, lakini wali ulikuwa juu na samaki walikuwa juu na njaa ilikuwa imeshawauma. Yule mama mwenye goti bovu alikalishwa kwenye kiti cha plastiki, madereva wakamnyanyua naye mpaka jikoni, akicheka na kusema hata siku ya harusi yake hakubebwa. Walikuwa wameanza kula waliposikia mngurumo. Waliyaona mahema yao yakikunjwa moja baada ya jingine, sahani zikiwa mikononi. Mtu wa mwisho kupanda alipanda dakika chache tu kabla, na alikuwa amechelewa kwa sababu alirudi kufuata vileja.

Jumapili mkubwa wetu alituita wote. Hakuwa mtu mkorofi, lakini mali ilikuwa imekwenda na jina la kampuni lilikuwa midomoni mwa watu. Aliuliza swali moja, nani aliwahamishia wadini. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Lakini nilichelewa, na Seif akawa ameshasema, "Mimi. Niliona bahari imechafuka."

Nikaufunga mdomo wangu, na haukufunguka tena kwa jambo hilo kwa miaka kumi na sita.

Kwenye ukumbi alinipita bila kusimama, nikamfuata nikamuuliza kwa nini. Alisema wakinitoa mimi watamweka mezani mtu ambaye hajawahi kuogopa, na mimi sasa nimeshaogopa, basi nikae. Aliondolewa kwenye misafara. Mwanamume yule, aliyezijua njia za wadi zote kuanzia Yiti mpaka kusini ya Qurayyat, akapewa stoo. Alihesabu vigingi. Alikunja mahema ambayo watu wengine walikwenda kuyalalia. Nilijiambia kwamba nitasema wiki ijayo, mkubwa akishapoa. Halafu nikasema baada ya Ramadhani. Halafu jambo likazeeka, nikaona kulifukua kutaleta maneno.

Kazi yenyewe, tangu siku hiyo, niliifanya vizuri. Hilo nalisema bila ya kujisifu, maana woga ndio uliofanya. Kila jiko katika kila mpango likawekwa juu. Kila asubuhi nilimpigia Humaid, na alipofariki nikampigia mwanawe, na robo saa ya salamu sikuikatiza tena. Nikaghairisha safari nyingi sana ambazo siku zake zilikuja na jua zuri, nikaitwa Bi Ghairisha mpaka jina likawa la heshima. Hakuna mtu aliyepotea katika kambi niliyoipanga. Mmelisema hilo kwenye sherehe ya kuniaga, mkapiga makofi, na mimi nikala keki.

Lakini mlilipata wapi somo la wadi? Kwenye faili. Ukurasa wa kwanza umeandikwa Kosa la Seif. Mkubwa ndiye aliyeagiza liandikwe, na mimi ndiye niliyeliandika. Kila mfanyakazi mpya nilimfundisha mimi kwa ukurasa huo, katika kile chumba cha mwisho, na kila mara mlicheka, kwa sababu linachekesha: bwana mmoja kawatoa watu baharini kawapeleka wadini. Maryam, wewe ulicheka mpaka ukatoka machozi. Chumba kile kinapakana na stoo. Ukuta wake ni wa mbao. Siku moja nikiwa katikati ya maneno mlango ulifunguka, Seif akaingia na kamba tulizomwagizia, akaziweka mezani, akasema samahani, akatoka. Nikaendelea na somo.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake. Amejenga Qurayyat, nyumba ndogo yenye mitende mitatu uwanjani. Mkewe alinikaribisha, akaniambia bwana yuko jikoni. Nikaelekea ndani, akanizuia akacheka, akanionyesha ngazi. Jiko lake liko juu ya paa la nyumba, kwenye hewa, na wajukuu wote wanapanda na sahani zao. Nami nilipanda, na magoti yangu siku hizi si ya kusifiwa. Nilimkuta anakoroga maharage. Masharubu yamekuwa meupe, lakini kiasi chake ni kilekile.

Tulizungumza habari za watu, nani yuko, nani katangulia. Aliniuliza kama bado naweka nazi kwenye kila kitu. Nilimwambia daktari kanikataza, akasema hatimaye serikali imeingilia kati. Tulicheka. Halafu nikamwambia nilichokuja nacho, kwamba nimeombwa kuandika, na kwamba nataka kuandika nani aliyeichomeka pini. Nikamwambia, "Nilikuwa nnakusikilizisha maneno yale miaka yote, Bwana Seif, na nilijua uko nyuma ya ukuta."

Aliendelea kukoroga. "Ulikuwa unafundisha vizuri," alisema. "Wale vijana walielewa."

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Nilidhani utasema wewe, dada. Nilikupa wiki mbili." Akalifunika sufuria. "Halafu nikakukasirikia kama miaka miwili. Halafu nikachoka, hema zilikuwa nyingi za kukunja."

Nililia, na yeye akaniacha nilie, akaenda kuwapakulia wajukuu. Aliporudi alinipa sahani yangu. Nilimuuliza kama ananiruhusu. Alisema niandike. Akasema niandike na habari ya jiko pia, kwa sababu katika ule ukurasa wangu mmoja na nusu jiko sikulitaja hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma kuliko kuandikwa jina lake kwenye kosa.

Basi, Maryam, na nyinyi mliobaki. Oktoba inakuja, simu zishaanza kulia, najua. Faili liko rafu ya pili, kushoto ya kitabu cha maji. Fungueni ukurasa wa kwanza. Palipoandikwa Seif pigeni mstari, juu yake andikeni Zuwena. Chini ya ukurasa palipobaki nafasi andikeni kwamba siku ile walimu ishirini na wawili na madereva wao walipona kwa sababu mpishi alikataa kutii karatasi yangu. Mipango yenu yote iandikeni kwa kalamu ya risasi kama nilivyokufundisheni. Hili liandikeni kwa wino.